Nauli ndogo kuliko zote ni nauli ya nini?

Katika ukoo wetu mtu akitaka kupanda ndege, simu inanijia mimi. Binamu yangu wa Birmingham anataka mama yake akamwone mjukuu, shemeji wa Muscat anarudi Unguja kwenye harusi, mpwa amepata chuo Minnesota na lazima afike kabla masomo hayajaanza. Wananitumia tarehe, picha ya pasipoti, na karibu kila mara maneno ni yale yale: "Hebu tuangalizie ya bei nafuu."

Kazi hii naifanya kwa mapenzi, na imenifanya nikae na tovuti za kutafutia nauli kuliko watu wengi ninaowafahamu. Tovuti hizi zimejengwa zijibu swali la bei, na swali hilo zinalijibu vizuri mno. Lakini tiketi ni mkataba. Nyuma ya ile namba iliyoandikwa kwa herufi nene kuna mambo mengine: nani ameuza, mzigo ni wa kilo ngapi, utapitishwa nchi gani, na ratiba ikibadilika nani atakupokea. Kwa msafiri wa kwetu, mwenye pasipoti ya kwetu na mabegi ya kwetu, hayo ndiyo yanayoamua kama atafika anakokwenda. Kwa hiyo nikilinganisha tovuti sitazami ipi imenionyesha dola kumi pungufu. Natazama ipi inanisaidia kujua hiyo nauli ni nauli ya nini.

Kwanza tuzitenganishe. Google Flights, Skyscanner, Kayak na Momondo kwa sehemu kubwa ni watafutaji: wanakuonyesha bei, halafu wanakupeleka kwa muuzaji. Expedia, Trip.com na Travelstart ni wauzaji, yaani mawakala; ukilipa umelipa kwao, na tatizo likitokea ni wao utakaowatafuta. Kisha kuna tovuti ya shirika la ndege lenyewe. Watu wengi hudhani wamelinganisha tovuti nne kumbe wamezunguka nyumba mbili. Kayak na Momondo ni mali ya kampuni moja, Booking Holdings, yenye Booking.com na Agoda pia. Skyscanner ilianzia Edinburgh, lakini mwaka 2016 ilinunuliwa na kampuni ya Kichina ambayo leo inaitwa Trip.com Group. Expedia nayo ina Orbitz, Travelocity na CheapTickets. Mimi hufungua moja kutoka kila nyumba, inatosha.

Suala la nani akae juu kwenye orodha ni la zamani kuliko intaneti ya majumbani. Mwaka 1953, kwenye ndege ya kutoka Los Angeles kwenda New York, muuzaji wa IBM aitwaye Blair Smith alijikuta amekaa na C. R. Smith, mkuu wa American Airlines. Mazungumzo yao yalikuja kuzaa Sabre, mfumo wa kompyuta wa kuhifadhi nafasi za abiria ulioanza kazi miaka ya 1960. Baadaye mashirika yaliyomiliki mifumo ya aina hiyo yaliingiza skrini zake kwenye ofisi za mawakala, na yakagundua jambo jepesi: wakala mwenye haraka huchukua ndege iliyo juu. Basi yakaziweka ndege zake juu, hata kama ya mwenzake ilikuwa fupi zaidi au nafuu zaidi. Mwaka 1984 serikali ya Marekani ikapiga marufuku upendeleo huo. Mwaka 2004 kanuni hizo zikaachwa zife, kwa hoja kwamba soko limeshabadilika.

Historia hii naikumbuka kila ninapoona orodha imepangwa kwa kigezo cha "bora". Bora kwa nani? Tovuti nyingi huchanganya bei, muda wa safari na idadi ya vituo kwa hesabu ambayo mtumiaji haioni, na pengine juu yake kuna tangazo lililolipiwa, lenye maandishi madogo yanayosema ni tangazo. Kwa hiyo huwa nabadili mpangilio: kwa bei, kisha kwa muda. Ndege inayobaki karibu na juu katika mipangilio yote miwili ndiyo ninayoanza kuichunguza.

Swali la kusafiri lini naipelekea Google Flights. Injini yake inatokana na ITA Software, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1996 na wataalamu wa kompyuta wa chuo cha MIT. Google iliinunua kwa dola milioni 700, ununuzi ukakamilika mwaka 2011. Kasi yake ndiyo inayonivutia. Ukifungua kalenda, kila siku ya miezi miwili imebeba bei yake, na ukivuta mbele miezi mingine inajaa papo hapo. Kuna jedwali pia, tarehe za kwenda juu, tarehe za kurudi pembeni, na kila kisanduku kina jumla yake. Mtu aliyeniambia "lazima niondoke Ijumaa" nikimpigia picha jedwali hilo nikamtumia, mara nyingi Ijumaa inageuka Jumanne bila mabishano.

Lakini kipengele chake ninachokithamini kuliko vyote ni kile ambacho wengi hawakijui: unaweza kuandika viwanja kadhaa kwa pamoja, hadi saba upande wa kuondokea na saba upande wa kufikia. Kwa Afrika Mashariki hii ni nguvu kubwa. Mtu wa Arusha ana uwanja wa Kilimanjaro karibu yake, lakini ana Nairobi pia, kwa basi la kupitia Namanga. Mtu wa Bukoba anaweza kupita Mutukula akaruka kutoka Entebbe. Tanga kuna njia ya Horohoro kwenda Mombasa. Mzanzibari ana boti ya kwenda Dar. Ndugu zetu wa Goma, tangu uwanja wao ulipofungwa Januari 2025 mji ulipotekwa, wamekuwa wakivuka mpaka kuingia Rwanda na kushuka kwa barabara hadi Kigali. Watu wa mipakani wamekuwa wakipiga hesabu hizi kichwani siku zote. Ukiandika JRO, NBO, DAR (yaani Kilimanjaro, Nairobi na Dar) kwenye kisanduku kimoja, mashine inazipiga nawe kwa pamoja, na tofauti inaonekana waziwazi. Hapo ongeza nauli ya basi, malazi ya usiku mmoja, kadi ya homa ya manjano mpakani, na uchovu wa mzee kama anayesafiri ni mzee. Nimeshamrudisha mtu Kilimanjaro kwa sababu ya magoti tu, ingawa Nairobi ilikuwa nafuu.

Upungufu wake nao upo. Ndege ndogo za kwenda Mafia, Pemba au mbugani nyingi huzikuti humo, kwa sababu mashirika hayo huuza kwa mtandao wake au kwa simu. Usiseme hakuna ndege kwa kuwa Google haijaionyesha.

Skyscanner naipenda kwa mambo mawili. La kwanza ni kutafuta kwa mwezi mzima au hata kuacha mwezi wazi, jambo linalomfaa mwanafunzi ambaye likizo yake ni ndefu na mfuko wake ni mfupi. Lile la "popote", ambalo unataja unakotoka tu kisha inakupangia nchi kwa bei, ni zuri kwa mtalii. Sisi wengi tunasafiri kwenda kwa mtu, na mtu huyo yuko mji mmoja. La pili ndilo kubwa: chini ya kila ndege inakuwekea wauzaji wote wa ndege hiyo hiyo, na nyota walizopewa na wateja. Hapo ndipo unapoona kiti kile kile, ndege ile ile, kinauzwa na shirika lenyewe kwa bei moja na wakala usiyewahi kumsikia kwa bei pungufu kidogo. Macho yanakwenda kwenye ile pungufu. Naomba yarudi kwenye nyota.

Mama mdogo aliwahi kukatiwa tiketi ya namna hiyo na mwanawe aliyeko Ulaya, kutoka kwa wakala wa mtandaoni mwenye bei ya chini kuliko wote. Wiki chache kabla ya safari shirika la ndege likasogeza ratiba, na ndege ya kwanza ikawa inatua baada ya ndege ya pili kuondoka. Tukaenda ofisi ya shirika hapa Dar. Dada wa kaunta akaiangalia buking, akatuambia kwa upole kwamba tiketi ilikatwa na wakala, na mabadiliko lazima ayafanye wakala. Wakala hakuwa na simu. Alikuwa na dirisha la kuandikia ujumbe, na kila tulichoandika kilijibiwa na mashine kwamba tumepokelewa. Siku zikapita hivyo. Mwisho mwanawe alinunua kipande cha pili upya, kwa bei ya dakika za mwisho, na ule unafuu wa mwanzo ukamezwa mara nyingi.

Tangu hapo msimamo wangu ni huu: tofauti ikiwa ndogo, tiketi inakatwa kwa shirika lenyewe. Natafuta kwenye Skyscanner, nakariri namba ya ndege na tarehe, nafungua tovuti ya shirika, nalipa huko. Na nikihitaji wakala, kwa mfano kundi la watu wa umra au safari yenye vipande vingi, namchagua mwenye ofisi ninayoweza kuingia kwa miguu yangu, mwenye usajili wa IATA, chama cha mashirika ya ndege, mwenye jina la mtu ninayeweza kumwita. Mawakala wetu wa mjini wanadharauliwa siku hizi, na si haki. Ndege ikifutwa saa sita usiku, yule kaka wa ofisini mwenye namba ya WhatsApp ana thamani kuliko nyota zote za mtandaoni.

Kuhusu bei inayoruka ukibofya, watu hunambia tovuti "imenijua nataka, imepandisha". Maelezo ya kawaida zaidi ni kwamba mtafutaji alikuwa amehifadhi bei ya muda uliopita, na ulipobofya ndipo muuzaji alipoulizwa bei ya sasa. Pengine nafasi za bei ile zimeshakwisha. Na hapa inafaa tukae kidogo, kwa sababu hakuna jambo linalowapotezea pesa familia za kwetu kama hili.

Ndani ya ndege moja, viti vya daraja la kawaida vimegawanywa katika makundi, kila kundi na herufi yake: Y, B, M, K, Q na kadhalika. Viti ni vile vile, chakula ni kile kile, lakini kila herufi ina bei yake na masharti yake. Kundi la bei ya chini likiisha, mfumo unafungua linalofuata. Tovuti ikikuambia "vimebaki viti 3 kwa bei hii", inazungumzia herufi hiyo, si ndege nzima. Mifumo mingi haionyeshi zaidi ya viti 9 kwa kila herufi, hata kama ndani kuna mia.

Sasa tuseme familia ya watu watano inakwenda Muscat kutoka Dar. Namba hizi ni za mfano. Kundi la chini lina viti 3 kwa dola 400, linalofuata ni dola 520. Baba anaandika abiria watano, anabofya. Mfumo hautampa watatu kwa 400 na wawili kwa 520. Unatafuta herufi moja yenye nafasi tano, unaikuta ile ya 520, na wote watano wanatozwa hiyo: dola 2,600. Angewatafuta watatu kwanza, kisha wawili, angelipa 1,200 na 1,040, jumla 2,240. Dola 360 zimeondoka kwa sababu ya kisanduku cha idadi ya abiria. Na ni sisi, tunaosafiri na watoto, bibi na msaidizi, ndio tunaoingia hapo. Kwa hiyo familia ikinijia, kwanza natafuta mtu mmoja. Kisha wawili, watatu, naongeza mpaka nione bei ya kila mtu imepanda. Hapo nimeujua mpaka wa kundi. Ukigawa, hakikisha kila buking yenye mtoto ina mtu mzima ndani yake, na uliombe shirika liandike kwamba buking hizo mbili zinasafiri pamoja.

Kuna aina ya nauli ambayo huonekana ya ajabu kwa unafuu wake: ile iliyoungwa kutoka mashirika yasiyo na mkataba kati yao. Kiwi.com, kampuni ya Brno katika Jamhuri ya Czech iliyoanza mwaka 2012 kwa jina la Skypicker, ilijijengea jina kwa kazi hiyo. Injini yake ina akili kwelikweli. Inaona njia ambazo mashirika yenyewe hayawezi kukuuzia. Kayak nayo ina kitu inachokiita Hacker Fare, lakini tusivichanganye. Hacker Fare kwa kawaida ni kwenda na shirika moja na kurudi na jingine, tiketi mbili za njia moja. Hiyo naikubali mara kwa mara. Hatari iko pale tiketi mbili zinapokutana katikati ya safari, kwenye uwanja wa nchi ya watu. Ndege ya kwanza ikichelewa, shirika la pili hulidai lolote wala halina wajibu nawe: kwao wewe ni abiria ambaye hakutokea. Muuzaji anaweza kuwa na dhamana yake ya kukusaidia, na masharti yake yasome kabla ya kulipa, si baada. Na begi lako halipiti lenyewe. Lazima utoke nje, ulichukue, ukaingie foleni upya.

Kutoka nje maana yake ni kuingia nchini. Na kuingia nchini kunataka viza.

Nimewahi kuletewa picha ya skrini ya safari ya Dar kwenda Lisbon: kupitia Doha hadi Heathrow, London, kisha ndege ya bei rahisi kutoka Stansted, uwanja mwingine wa London. Maandishi madogo ya rangi ya chungwa yalisema tu kwamba abiria atabadilisha uwanja. Msafiri alikuwa na viza fupi ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, mkononi na hakuwa na habari kwamba katikati ya safari yake kuna Uingereza, ambayo haimo Schengen. Hata asingebadilisha uwanja, Uingereza ina orodha ya mataifa ambayo raia wake huhitaji viza ya kupita tu, wakiwa ndani ya uwanja, na Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo zote zimo. Kuna misamaha, kwa mfano kwa baadhi ya wenye viza ya Marekani au Canada, lakini viza fupi ya Schengen peke yake haimo. Marekani ndiyo kali zaidi: huko hakuna kupita bila kuingia, kila abiria anapitia uhamiaji. Na kwa Mkongo wa Goma au Lubumbashi, hata Brussels au Paris ni suala, maana Kongo imo katika orodha ya nchi chache ambazo raia wake hudaiwa viza ya kupita uwanjani na nchi zote za Schengen.

Sasa angalia orodha ya bei kwa macho hayo. Nauli tatu za kwanza zinaweza kuwa si za kwako kabisa. Zinamfaa mtu mwenye pasipoti nyingine. Mashine haijakudanganya, haijakuuliza tu wewe ni nani. Ndiyo maana kichujio changu cha kwanza, kabla hata ya bei, ni viwanja vya kuungia: naondoa London, naondoa miji ya Marekani, naacha Addis Ababa, Doha, Dubai, Istanbul, Nairobi, Kigali. Kichujio hicho kipo Google Flights, na nimekikuta Kayak na Momondo pia, na hakuna anayekigusa.

Mizigo nitaipita haraka. Nauli zinazoitwa Light au majina ya namna hiyo mara nyingi zina begi la mkononi peke yake, na nani kati yetu anakwenda ugenini bila dagaa, unga wa muhogo na vitenge vya watu? Kayak inakuruhusu kutaja idadi ya mabegi na bei za orodha nzima zikahesabiwa upya. Fanya hivyo kabla hujaipenda nauli yoyote, maana ya tano kwenye orodha inaweza kuruka ikawa ya kwanza.

Halafu kuna utabiri. Oren Etzioni, profesa wa Chuo Kikuu cha Washington, alikerwa kugundua angani kwamba majirani zake walilipa pungufu kuliko yeye ingawa walinunua baadaye. Akajenga programu ya kutabiri nauli, ikawa kampuni ya Farecast, na Microsoft ikainunua mwaka 2008. Ushauri wa "nunua sasa" au "subiri" unaouona Kayak leo ni wa ukoo huo. Kwenye njia zenye abiria wengi ni msaada. Kwenye njia zetu naushika kwa tahadhari, na sababu moja ni kalenda. Mashine hujifunza kutokana na yaliyopita, na Ramadhani na Hija hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka. Tarehe iliyokuwa tulivu mwaka jana kwenye njia ya Jeddah au Muscat inaweza kuwa wiki ya Idi mwaka huu. Mwislamu anayepanga safari anayajua haya bila kuambiwa na mtu, na ana haki ya kuuamini mwezi wake kuliko ushauri wa mashine. Kwa safari hizo naweka arifa ya bei miezi mingi mapema na kuitazama mwenyewe ikipanda na kushuka.

Jambo jingine tovuti zote zinaliandika sawasawa na bado linawakosesha watu ndege: saa. Ndege nyingi za kutoka kwetu huondoka alfajiri mbichi. Skrini inasema 03:25, tarehe 14. Mzee anasoma, anatafsiri vizuri kabisa, saa tisa na dakika ishirini na tano usiku, tarehe 14, na anapanga kwenda uwanjani usiku wa tarehe 14, baada ya chakula cha jioni. Ndege imeshaondoka tangu alfajiri ya siku hiyo. Kwa hiyo mimi simtumii mtu karatasi ya tiketi peke yake. Namwandikia: "Shikamoo mama. Ndege ni saa tisa na dakika ishirini na tano, usiku wa Jumatatu kuamkia Jumanne. Jumatatu saa tano usiku uwe umeshafika Terminal 3." Ile alama ndogo ya +1 pembeni ya saa ya kufika nayo naieleza: unatua siku inayofuata, mwambie anayekupokea.

Malipo yana maudhi yake. Tovuti nyingi za kimataifa zinataka kadi, na pesa ya wengi wetu iko kwenye simu. Jambojet na Kenya Airways hupokea M-Pesa, na tangu mwaka 2022 Wakenya wana kadi ya Visa isiyoshikika inayotoka moja kwa moja kwenye M-Pesa yao. Hiyo imefungua milango mingi. Angalia tu sarafu kabla ya kubonyeza kulipa: bei iliyoonyeshwa kwa shilingi inaweza kutozwa kwa dola, na benki ikabadilisha kwa kiwango chake.

Ninachokitaka na ambacho bado sijakikuta kwenye tovuti ninazozitumia ni kisanduku kimoja zaidi, pale pale penye mji wa kuondokea na idadi ya abiria: pasipoti ya nchi gani, na viza zipi unazo. Nijaze Kongo, nijaze Schengen ya siku 30, na zile njia nisizoweza kupita zifutike au ziwekewe alama nyekundu. Taarifa hizo zipo. Chama hicho cha IATA kinaziendesha katika mfumo uitwao Timatic, na ndio anaoutazama mhudumu wa kaunta anapoinua macho na kumuuliza abiria viza ya kupitia iko wapi. Jibu la mashine linamfikia abiria akiwa ameshaaga nyumbani, mabegi yako kwenye mizani, tiketi hairudishiki. Ningependa limfikie siku ile ninapomtafutia, wakati bado naweza kubofya Addis Ababa badala ya London na kuongeza dola 60.